Siku Tulipoupumzisha Uwanja

Nimekuwa kinyozi maisha yangu yote ya kazi, na kinyozi asiyeuliza maswali ni mtu aliyeshika mkasi tu. Kwa hiyo msinishangae nikisema kwamba nilimchunguza Effie Lumsden kwa miaka, kupitia dirisha la jikoni kwangu, bila haya yoyote. Dirisha hilo linatazama Bustani ya Gallowmuir, na ndani ya Gallowmuir ndipo ulipo uwanja wa matufe wa halmashauri, mchezo wa kuviringisha mipira mizito juu ya nyasi ili ikae karibu na mpira mdogo mweupe. Kila asubuhi, tangu baridi inapoachia hadi majani yanapoanza kupukutika, nilikuwa namwona mwanamke mfupi mwenye koti la mvua akivua viatu na soksi getini, kisha anaingia uwanjani miguu mitupu.

Alitembea polepole kutoka kona hadi kona. Pengine alisimama mahali pamoja muda mrefu akichezesha vidole vya miguu. Halafu alirudi, akavaa soksi zake, akachukua ufito mrefu na kuupitisha huku na huku juu ya nyasi kupangusa umande. Mimi dirishani nilibaki kujiuliza, huyu ana nini? Kilbrannoch ni mji wa baridi. Umande wetu unauma hata mwezi wa Juni.

Asubuhi moja uvumilivu ulinishinda. Nilivuka barabara na kikombe changu cha chai mkononi.

"Effie, nikuulize kitu?"

"Hata nikikataa utauliza, Struan."

"Kwa nini huvai viatu?"

"Wewe ukimpima mtoto homa, unavaa glavu?"

Hilo lilinifungulia mlango, nikaanza kwenda kila asubuhi. Nilijifunza kwamba miguu yake ilimwambia wapi pana maji chini, wapi pamekauka, na leo mchezo uelekezwe upande gani ili nyasi zisichoke mahali pamoja. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha mazulia mpaka kilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kupitisha kiganja juu ya zulia jipya na kutafuta uzi ulioruka. Mtunzaji wa mwisho wa uwanja alipostaafu, halmashauri haikuajiri mwingine. Ilileta mashine ya kukata nyasi ilipokumbuka. Yaliyobaki aliyafanya Effie, bure, na ole wako uingie na viatu vyenye kisigino.

Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakucheza. Hata siku moja.

"Umewahi kumwona mpishi wa harusi akicheza muziki?" alinijibu nilipomuuliza.

"Nimewaona wengi."

"Basi wali uliungua."

Lakini sababu hasa ya kuutunza uwanja ule ilikuwa mdogo wake, Lowrie.

Lowrie Lumsden alikuwa mchezaji hodari kuliko wote mjini. Alikuwa mwanachama wa klabu ya kilimani, ile ya tai shingoni na medali ukutani. Tufe la mchezo huu limechongwa upande mmoja kwa makusudi, kwa hiyo haliendi moja kwa moja. Linapopungua mwendo linakata kona, na anayetaka likae karibu na mpira mdogo mweupe inabidi alitupe pembeni, alielekeze mahali asipopataka. Wengi wetu hapo ndipo tunapoaibika. Lowrie alikuwa anarusha huku anaongea na mtu mwingine, na tufe linazunguka, linatulia pembeni ya ule mweupe.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia mkono wa kushoto, nusu ya tabasamu, na neno moja. Neno lenyewe ni "pumbavu".

Nilitaka sana kujua kwa nini neno hilo. Daktari wake alikuwa mteja wangu, kwa hiyo siku alipokaa kwenye kiti changu nilimuuliza maswali mengi kuliko nywele alizokuwa nazo. Alisema maneno ya kawaida yana upande wao kichwani, na lile neno linalokutoka ukijigonga kidole kwa nyundo lina maskani yake kwingine kabisa. Kiharusi kimebomoa nyumba ya kwanza, ya pili hakikuigusa. Niliona ajabu sana, na mpaka leo ninaona ajabu.

Effie ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Pumbavu," Lowrie aliniambia tulipokutana kwa mara ya kwanza baada ya hospitali.

"Anasema habari za asubuhi," Effie akasema.

"Umejuaje?"

"Hujasikia alivyoinua mwishoni? Akishusha, ana njaa. Akiivuta, tufe lako limekuwa fupi, halijafika."

Na ilikuwa kweli. Mtu ukisikiliza vizuri, ulianza kuzitofautisha. Kulikuwa na pumbavu ya chai haina sukari, na pumbavu ya asante, na ile ya jioni akipewa koti lake, ya taratibu, karibu ya kuimba.

Kule kilimani hawakuwa na muda wa kusikiliza. Siku ya kufungua msimu, mchungaji alitoa hotuba, na Lowrie akamsifu kwa sauti, mara tatu, mbele ya wake za wakubwa. Wiki iliyofuata wakamwomba, kwa adabu zote, apumzike nyumbani. Mimi kwa watu wale sina neno jema na sitalitafuta.

Kwa hiyo Effie alimleta Gallowmuir, kwenye uwanja wa umma, ambako hakuna tai wala kadi ya uanachama. Unalipa sarafu kidogo, unaazima matufe kwenye kibanda, unacheza. Kila alasiri Lowrie alisimama pale, akainama kidogo, na mkono wa kushoto uliokuwa haujui kazi zamani ukajifunza. Siku za mvua kubwa, uwanja ukifungwa, alikaa nyumbani akautazama ukuta na chakula alikikataa.

"Ni kitu pekee kilichobaki anachokifanya kama mwenyewe," Effie aliniambia siku moja, akikunja turubai. "Akiinama na tufe mkononi, ninamwona. Bila uwanja, Struan, sijui nitampeleka wapi."

Sasa, halmashauri yetu ilikuwa na viwanja vinne vya umma na pesa za kutunza pungufu ya hapo. Mwaka huo waliamua kufanya mpango: vipi vibaki, vipi vigeuzwe kuwa maegesho au bustani za maua. Tangazo likabandikwa getini. Wiki inayofuata, lilisema, mtu atapita kuangalia hali ya kila uwanja.

Tulikutana kibandani: Effie, Lowrie, mimi, Beattie fundi bomba, Senga aliyekuwa mpishi wa shule, na wengine wa kila siku. Senga alileta mikate ya viazi bado ya moto.

"Wanakuja kuangalia uwanja," Beattie akasema, mdomo umejaa. "Basi wauone uwanja."

"Umechoka kidogo upande wa miti," Effie akasema. "Ungepumzika siku kadhaa, wangetoa macho."

"Tuupumzishe," Senga akasema. "Kizuri chajiuza."

Hakuna aliyepinga. Nataka mlielewe hilo, maana baadaye wengi walituuliza kama tulikuwa tumelewa. Mchezaji wa matufe akisikia neno uwanja, anaona nyasi. Watu kwake ni kitu kinachozikanyaga. Mgeni wa heshima akija unatandika shuka safi kitandani, na usiku wa kuamkia siku hiyo hulali juu yake. Tuliona ni jambo lililo wazi, tukalipigia makofi.

Effie alifunga kamba getini. Wiki nzima alikata, akamwagilia, akapangusa, akazima taa jioni ameridhika. Lowrie alisimama nje ya kamba kila alasiri na tufe lake chini ya kwapa.

"Pumbavu!"

"Anasema nimfungulie," Effie alituambia. Kisha akamgeukia yeye. "Vumilia, mdogo wangu. Wiki hii tu, halafu ucheze mpaka uzeeke."

Sisi wengine tulijitenga kabisa ili shetani asitushawishi. Tulihamia mgahawa wa karibu na kituo cha mabasi, tukanywa chai mbaya na kujisifu. Mimi peke yangu, kwa vile dirisha ni langu, nilimwona kijana wa halmashauri alipokuja. Alisimama kwenye uzio, akatazama, akabonyeza kitu kwenye simu, akaondoka. Alirudi siku nyingine asubuhi. Alirudi tena alasiri. Mara hiyo Effie alijikaza akamfuata.

"Unauonaje, kijana?"

"Mama, huu ni mzuri. Kusema kweli sijaona nyasi kama hizi."

Effie alikuja na Lowrie jikoni kwangu kunisimulia, macho yamelowa. Nilimkaangia soseji, tukala tukicheka, na Lowrie akaimba ile pumbavu yake ya koti.

Mkutano wa wananchi ulifanyika maktaba. Aliyeendesha alikuwa Rukhsana Mirza wa idara ya bustani, mwanamke wa umri wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya kiwanda kilekile cha mazulia. Alitundika ramani. Viwanja vya kubaki vilikuwa na duara la kijani. Gallowmuir ulikuwa na duara jekundu.

Effie aliinuka kabla hajaruhusiwa kuuliza.

"Samahani, binti. Hapo rangi imekosewa."

"Gallowmuir? Hapana, Bi. Lumsden. Ni sahihi."

"Kijana wako alisema hajaona nyasi kama zile!"

"Ndiyo, amesema hivyo hivyo. Nyasi nzuri sana." Rukhsana alionekana kusikitika kweli. "Lakini tulitaka kujua watu wangapi wanacheza. Amekuja asubuhi, amekuja alasiri, amekuja siku ya mapumziko. Hakumkuta mtu. Hata mmoja. Uwanja hautumiki."

"Hautumiki kwa sababu tuliupumzisha!"

"Mliupumzisha kwa nini?"

"Kwa sababu mlikuwa mnakuja!"

Ukumbi mzima ulicheka. Watu wa viwanja vingine, waliokuwa wamecheza wiki ile kama kawaida yao kwenye nyasi zenye vipara, walicheka mpaka wakashika mbavu. Beattie alivitazama viatu vyake. Nilimtazama Effie, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa amemfungia mdogo wake nje wiki nzima kwa mikono yake, na kwa kufanya hivyo alikuwa karibu kumfungia milele.

"Pumbavu," Lowrie akasema kwa sauti ya chini.

"Anasema..." Effie alianza, akakaa chini.

Rukhsana alingoja kicheko kiishe. Yeye hakucheka. "Nitakuja tena mwenyewe kabla mpango haujaenda kwa madiwani," akasema. "Mara moja. Sitasema lini, maana nikisema mtafunga kamba."

Tangu siku hiyo tulicheza kama watu waliolaaniwa kucheza. Tulicheza tukiwa na mafua. Senga alimleta shemeji yake na shoga zake wa bingo. Tulipeana zamu ili geti lisikae bila mtu. Effie alikaa kwenye benchi akisikiliza kila tufe linaloanguka vibaya, na kila lilipoanguka alifumba macho. Nyasi zilikuwa zimechoka; asubuhi baada ya asubuhi, miguu yake ilikuwa inamwambia basi, na yeye alikuwa anaiambia bado.

Halafu ikaja mvua.

Ilikuwa ya kwetu hasa, ile isiyo na haraka, inayonyesha mchana, inalala na wewe, na unaamka nayo. Sheria ya uwanja ukilowa inajulikana na kila mtu aliyewahi kushika tufe, na haijaandikwa popote. Unaweka mguu mmoja, unahamisha uzito. Maji yakipanda pembeni ya kiatu, unarudi nyumbani. Ukikanyaga nyasi zikiwa hivyo unazing'oa mizizi, na zitakudai mwaka mzima. Nimewahi kumwona Beattie, mtu anayetukana hata kanisani, akimfukuza mjukuu wake mwenyewe kwa kosa hilo.

Alasiri ile tulikuwa chini ya paa la kibanda na chupa za chai. Uwanja ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Maji yalikuwa yanang'aa katikati. Tulikuja kwa mazoea tu, na kwa ajili ya biskuti.

Gari dogo likaegeshwa. Akashuka Rukhsana Mirza na mwavuli.

"Hapana," Senga akasema. "Leo? Mwaka mzima una siku, anachagua leo?"

"Tumwambie tu ni mvua," nikasema. "Ana macho, anaiona."

Effie aliweka kikombe chake chini. Alikuwa anautazama uwanja.

"Mara ya kwanza tulikuwa na sababu, Struan," akasema. "Nzuri sana. Leo tena tumpe sababu?"

Aliondoka chini ya paa, akaifungua kamba, akaiachia ianguke.

"Ingieni."

Hakuna aliyesogea.

"Effie, maji yako juu ya kiatu," Beattie akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeombwa kuvunja kaburi. "Mimi siwezi."

"Nani ametunza hizi nyasi, Beattie?"

"Wewe."

"Basi ni zangu kuziharibu. Ingieni!"

Hatukuingia. Nitasema ukweli, miguu yangu ilikataa. Ndipo akarudi, akamshika Lowrie mkono. Lowrie alimfuata mpaka ukingoni, kisha akasimama. Hata yeye alijua. Kiharusi kilichukua jina la dada yake, kilichukua siku za wiki, lakini sheria ile haikuguswa. Aliyatazama maji, akamtazama Effie, na akapiga kelele nisiyowahi kuisikia.

"Pumbavu!"

"Najua haifai," Effie akasema. "Najua, mdogo wangu." Akaingia yeye kwanza, na viatu, na maji yakapanda. Akamvuta. Akampa tufe mkononi. Lowrie alilirusha kwa hasira bila kuinama, likaenda hatua chache na kukwama kwenye tope, na nyuma yake likaacha mfereji mweusi ambao ningeweza kuuona kutoka jikoni kwangu.

Baada ya hapo tungebakije chini ya paa? Tuliingia sote. Tulicheza huku nyasi zinatoka vipande vipande chini ya miguu yetu. Senga alikuwa analia na kurusha, analia na kurusha. Rukhsana alisimama ukingoni akituhesabu kwa kidole.

"Si mnauharibu?" akauliza.

"Tunacheza," Effie akamjibu.

Rukhsana alifunga mwavuli. Akavua viatu vyake, akakunja suruali, akaja katikati yetu miguu mitupu, akaomba tufe. Alilitupa moja kwa moja, kama wote wasiojua, nalo likaishia pembeni kabisa.

"Babu yangu alikuwa anakaa kwenye lile benchi kila Jumapili," akasema akipangusa tope. "Alikuwa kiwandani. Alipenda sana kutazama. Hakuwahi kuingia."

"Kwa nini? Geti lilikuwa wazi," nikasema.

"Ndiyo. Lakini hakuna aliyemwambia liko wazi kwa nani."

Effie akamwokotea tufe jingine na kumwonyesha jinsi ya kulishika. Jioni ile uwanja ulikuwa shamba la viazi.

Nilidhani huo ndio mwisho wa hasara. Kumbe sivyo. Msimu wote uliobaki hakuna aliyecheza Gallowmuir, maana hapakuwa na mahali pa kuchezea. Effie alifukua, akasawazisha, akamwaga mchanga, akapanda mbegu. Na Lowrie akanyamaza.

Hilo ndilo lililotuumiza wote. Neno lile moja, lililokuwa salamu na asante na njaa yake, halikutoka tena. Effie alipomletea chai aligeuza uso ukutani. Alipomwekea koti begani alilitikisa likaanguka. Nilikwenda kumkata nywele nikamchokoza kwa kila mbinu ya kinyozi niliyo nayo. Nikamwambia kule kilimani wamechukua kombe bila yeye. Kimya.

"Ananichukia," Effie akasema mlangoni.

"Hajui kwa nini ulifanya."

"Ninamwambia kila siku. Sijui kama yanaingia." Alikuwa na udongo kwenye kucha. "Wewe uliye mdadisi, hebu niambie. Mle ndani kuna mtu anayenielewa, au kuna mtu anayekumbuka tu kwamba nilimwingiza kwenye maji?"

Hakuna swali nililowahi kutamani jibu lake kama hilo.

Rukhsana alikuja mwezi wa Oktoba, asubuhi ya jua jembamba. Effie alikuwa amepiga magoti na uma wa bustani, mimi nimemshikia ndoo. Aliruka maneno yote ya utangulizi.

"Umebaki," akasema. "Madiwani wamepitisha jana. Gallowmuir na mmoja mwingine."

Niliangusha ndoo. Nilimkumbatia mtumishi wa serikali, jambo ambalo sikulitarajia maishani. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamuuliza: "Siku ile, kama tungekuambia tu tumefunga kwa ajili ya mvua?"

Alifikiri kwa haki. "Ningeandika kwamba nimekuta umefungwa. Nilitumwa kuandika nitakachokikuta."

Effie aliuchomeka uma ardhini. Alifuta mikono kwenye koti, akavuka barabara kuelekea kwao, na tukabaki tumesimama. Aliporudi alikuwa amemshika Lowrie mkono. Alimketisha kwenye ukingo, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha soksi, akaweka nyayo zake pale ambapo mbegu mpya zilikuwa zimeota. Zilikuwa fupi sana bado, laini, za kijani ambacho hakijaamua. Akamshika ule mkono wa kushoto, akaupitisha juu yake taratibu, kama alivyokuwa akipitisha wake juu ya mazulia.

"Zimerudi," akamwambia. "Ni zako. Mpaka uzeeke."

Lowrie alitazama nyasi. Mkono wake uliendelea kwenda na kurudi hata baada ya Effie kuuachia. Kisha akamgeukia dada yake, usoni, kwa mara ya kwanza tangu mvua ile.

"Pumbavu," akasema.

Sauti haikupanda wala kushuka. Haikuwa ya habari za asubuhi, wala ya njaa, wala ya koti. Nilikuwa nazijua zote, na hii sikuijua. Nikangoja tafsiri.

Effie alikuwa amefunika uso kwa mikono yake yenye udongo, na mabega yake yakitikisika.

"Amesemaje?" Rukhsana akaninong'oneza.

Nilimshika mkono Rukhsana Mirza nikamwambia twende kwangu, hiyo ni yao wawili, na maji ya chai yatakuwa yamechemka.